Radhi iliombwa, bei ikabaki palepale

Mwezi Julai 2011 wateja wa Netflix nchini Marekani waliarifiwa kwamba kifurushi walichokuwa wakilipia dola 9.99 kwa mwezi kimekatwa vipande viwili. Anayetaka DVD za posta alipe 7.99. Anayetaka kutazama mtandaoni alipe 7.99 nyingine. Anayetaka vyote viwili, kama alivyozoea, atoe dola 15.98. Hilo ni ongezeko la asilimia 60, na kampuni ililitangaza kana kwamba inampa mteja nafasi ya kuchagua.

Wateja si watoto. Hadi mwisho wa Septemba idadi ya wanaolipia huko Marekani ilikuwa imepungua kwa 800,000. Hisa moja, iliyokaribia dola 300 mwezi Julai, ilishuka chini ya dola 80 kabla mwaka haujaisha.

Tuseme ukweli: kuhusu teknolojia inakoelekea, kampuni haikukosea. Kutazama mtandaoni ilikwisha kuanzisha mwaka 2007, na kila mwenye macho aliona kwamba bahasha haitashindana na intaneti milele. Kosa lilikuwa kumtaka mteja alipe zaidi na huku rafu ya filamu ikipungua. Waliambiwa waache mbachao wakati msala wenyewe bado unafumwa.

Wengi wetu hatukuwahi kupokea ile bahasha nyekundu, kwa hiyo tueleze kidogo. Huduma ilianza mwaka 1998. Baadaye mteja akawa analipa ada ya mwezi, anaandika orodha ya filamu azitakazo, na DVD inamfikia kwa posta. Akimaliza anaitumbukiza katika bahasha ileile, gharama ya kuirudisha imeshalipwa, na inayofuata katika orodha inapelekwa. Faini ya kuchelewesha haikuwapo. Kwa mtu wa shamba, mbali na mji, ambako intaneti ilikuwa ikijikongoja, hilo lilikuwa jumba la sinema mlangoni.

Lakini nguvu ya DVD haikuwa posta. Ilikuwa sheria. Nchini Marekani, aliyenunua diski halali ya filamu anaweza kuiazima au kuikodisha bila kurudi kwa mwenye filamu kumwomba ruhusa. Netflix iliweza kununua tu, kama mimi na wewe tunavyonunua, kisha ikakodisha. Ndiyo maana ghala lake lilifika filamu na vipindi zaidi ya 100,000: za zamani, za nchi za mbali, zile ambazo mtu mmoja tu mtaani anazitaka. Mtandaoni haki hiyo haipo. Kila filamu inahitaji mkataba, mkataba una mwisho, na mwenye filamu anaweza kupandisha bei au kukataa kabisa.

Ushahidi ulikuja upesi. Tarehe 1 Septemba 2011, siku ileile bei mpya zilipoanza kuwagusa wateja wa zamani, kampuni ya televisheni ya Starz ilitangaza kuvunja mazungumzo na Netflix ya kuongeza mkataba wao wa filamu za mtandaoni. Filamu zilizopatikana kupitia mkataba huo, zikiwemo za Disney, zingeondoka mtandaoni Februari iliyofuata. Diski hakuna aliyeweza kuja kuzichukua ghalani.

Ndipo mkuu wa Netflix wakati huo, Reed Hastings, alipojitokeza Septemba 18 akakiri kwamba amevurunda. Watu wakatega sikio wakisubiri nafuu. Walichopewa ni jina jipya: huduma ya DVD sasa itaitwa Qwikster, itakuwa na tovuti yake, orodha yake na ankara yake. Mtu aliyekuwa na akaunti moja alitakiwa awe na mbili, kisha ashukuru. Haikufika mwezi. Tarehe 10 Oktoba Qwikster ilifutwa kabla haijatuma bahasha hata moja. Bei haikufutwa.

Wapo watakaosema hasira ya wateja ni upepo. Watatukumbusha kwamba mwaka 2023 Netflix ilipowabana wanaotumia nywila moja nyumba mbili tatu, makelele yalikuwa makubwa, na bado idadi ya wanaolipia ikaongezeka. Ni kweli. Lakini hasira hupoa hasa pale mtu asipokuwa na pa kwenda, na kupoa kwake hakuthibitishi kwamba hakuwa na haki. Wasomaji wetu wa Kenya wanalijua hilo: kifurushi cha bure cha simu za Android kilichofunguliwa kwao mwaka 2021 kilifungwa Novemba 1, 2023, wakabaki na uamuzi wa kulipa au kuacha.

Bahasha nyekundu nazo ziliagwa mwaka huohuo. DVD za mwisho zilitumwa Septemba 29, 2023, baada ya diski zaidi ya bilioni 5.2 kupita posta. Wateja waliambiwa wabaki na zile walizonazo. Uungwana huo tunausifu. Ungekuwa mkubwa zaidi kama kampuni ingewaambia wazi ni filamu zipi kati ya zile za ghalani ambazo hawatazikuta mtandaoni. Kampuni yoyote inayofunga mlango wa zamani inadaiwa orodha hiyo, tena kabla ya kufunga.

Na sisi huku tusijione tuko salama. Filamu nyingi za Bongo za miaka ya 2000 zilitufikia kwa kanda na DVD, zikauzwa vibandani na kwa machinga. Nyingine huenda zimo katika boksi chini ya kitanda chako, pamoja na chaja za simu zilizokufa. Kabla hujazitupa, itafute kila moja mtandaoni. Usiyoiona, ifute vumbi uiweke mahali pakavu.