Fremu Si ya Kutundikwa Ukutani

Julai iliyopita, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, rafiki yangu alianguka kwenye barabara ya pembeni ya Thika Road, si mbali na Kihunguro. Kulikuwa na manyunyu, yale ya huku Ruiru ambayo hayanyeshi vizuri na hayaachi. Mbele yake palikuwa na dimbwi, na ndani ya dimbwi palikuwa na shimo. Gurudumu la mbele liliingia, foku ikakatika kama muwa, naye akaamka amevunjika mtulinga.

Baiskeli ilikuwa ya kaboni. Nyeusi, inang'aa, jina la Kiitaliano limechorwa ubavuni. Aliinunua mtumba kwa shilingi 55,000, pesa za chama alizongojea mwaka mzima. Siku aliyoileta mtaani tulitoka nje kuipiga picha. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nilimwambia, "Manze, hii si baiskeli, hii ni ndege." Kwa hivyo lawama ninazogawa leo, fungu la kwanza ni langu.

Tulipompelekea fundi vile vipande, alikwangua rangi kwa kisu, akatuonyesha ufa wa zamani uliofunikwa kwa rangi mpya. Akasema tu, "Vijana, hii mliuziwa ikiwa imeshakufa."

Sasa nasema hivi, na sitapunguza: kama unaishi kati ya Githurai na Thika, mfuko wako ni wa kawaida, na unataka baiskeli ya barabarani ya kukutoa nyumbani wakati wa mvua na baridi, achana na kaboni ya mtumba. Tafuta fremu ya chuma yenye nafasi ya tairi nene na madigadi. Haitapendeza Instagram. Itakufikisha kazini.

Najua jibu la kwanza. "Baiskeli ya majira ya baridi? Hapa ni Kenya, buda, theluji iko wapi?" Theluji hakuna, ni kweli. Lakini hesabu nami. Masika ni Machi hadi Mei. Kibaridi na ukungu ni Juni hadi Agosti, maana Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Julai haituonei huruma. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Hiyo ni miezi tisa kati ya kumi na miwili ambayo unaweza kutoka kwa mlango ukapata barabara imelowa. Mzungu ana baiskeli mbili, moja ya jua na nyingine ya baridi. Wewe una moja. Basi hiyo moja iwe ya mvua, kwa sababu baiskeli ya mvua hutembea hata juani, lakini ya juani haitembei kwenye tope.

Tena jiulize ni siku gani hasa unaihitaji. Sote tunajua kinachotokea mawingu yakifunga: nauli inapanda hata kabla tone la kwanza halijaanguka. Siku ya jua matatu unaiweza. Ni siku ya mvua ndiyo inakumaliza, na ndiyo siku hiyo fremu yako ya mbio inabaki imeegemea ukuta kwa sababu haina pa kufungia madigadi. Umenunua chombo kinachokukimbia siku ya vita.

Jibu la pili linatoka kwa wanaojua zaidi. Wamesoma kwamba chuma kinaoza, kwamba hata Uingereza watu huchagua alumini kwa majira ya baridi. Sawa, lakini wamesoma jibu wakaruka swali. Ulaya barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi ndiyo inakula chuma haraka. Ni nani amewahi kuona lori la kaunti likimwaga chumvi pale Kamakis? Adui wetu ni maji na udongo mwekundu, na hao wana dawa. Toa posti ya kiti, geuza fremu, nyunyiza oili ndani ya mabomba, acha itiririke hadi chini kwenye ekseli ya pedali. Ukirudi na mvua, geuza baiskeli maji yatoke, pangusa cheni. Kutu ya juu si ugonjwa. Kutu iliyotoboa bomba ndiyo ugonjwa, na hiyo unaiona kwa macho na kuisikia kwa kidole.

Hapo ndipo penye hoja yangu kubwa. Chuma hakifichi. Kikigongwa kinajikunja, rangi inakunjamana, mara nyingi ufa unaanza kidogo na unakupa muda. Kaboni iliyogongwa inaweza kuonekana nzima kabisa huku ndani matabaka yameachana. Sisemi kaboni ni mbaya. Kaboni mpya, yenye dhamana ya mtengenezaji, ni imara na maji hayaifanyi kitu. Ninachosema ni kwamba wewe hununui kaboni mpya. Unanunua historia ya mtu usiyemjua, iliyopakwa rangi na mtu mwingine usiyemjua, na kuikagua vizuri kunataka mashine ambayo haiko hapo unaponunulia.

Halafu kuna hii ibada ya uzito. Msee anainua baiskeli kwa kidole kimoja, wengine wanapiga kelele. Tupime. Fremu nzuri ya chuma ina takriban kilo mbili, ya kaboni takriban kilo moja. Tofauti ni kilo moja, yaani lita moja ya maji. Chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, kimeweka kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8, na hao ni watu wanaokimbizana kwenye milima ya Ufaransa kwa mshahara. Wewe umebeba laptopu, kufuli, koti la mvua na chapati mbili. Kilo moja unayoilipia maelfu utaipoteza bure ukiacha kubeba vitu usivyotumia.

Kama unataka kuiga wanaokimbia, iga kitu cha maana. Pale Maasai Mara, tangu mwaka 2021, kuna mashindano yanayoitwa Migration Gravel Race, yanayokimbiwa kwenye njia za changarawe na vumbi. Huko hakuna anayekuja na tairi nyembamba kama kamba ya viatu. Watu wenye kasi kuliko mimi na wewe wameitazama barabara kwanza, wakachagua baiskeli baadaye. Sisi tunachagua baiskeli kwanza, halafu tunailaumu barabara.

Basi unapoenda kununua, usiende na macho ya harusi. Nenda na sumaku, uzi na tochi ya simu.

Sumaku kwanza. Ikinata kwenye mabomba, ni chuma. Isiponata, si chuma, hata muuzaji aape vipi. Uzi ni wa kupima kama fremu imepinda: ufunge nyuma pale ekseli inapokaa, uzungushe mbele kwenye bomba la usukani, urudi upande wa pili. Pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo visipolingana, fremu ishawahi kukutana na gari. Tochi ni ya kuchungulia ndani ya bomba la kiti. Na posti ya kiti ikikataa kutoka, usikubali kuambiwa ni ya kupigwa nyundo kidogo. Ondoka.

Kisha angalia nafasi. Fremu nyingi za mbio za zamani hazipitishi tairi zaidi ya milimita 25. Wewe unataka 28 kwenda juu, na madigadi juu yake, na kidole bado kipite katikati. Ukiishi mtaa wenye ule udongo mweusi wa black cotton, utanishukuru, kwa sababu huo ukijaa kwenye fremu finyu gurudumu halizunguki tena, unabeba baiskeli begani kama maiti. Tafuta vitundu vya bolti karibu na ekseli, mbele na nyuma. Bila hivyo, madigadi utayafunga kwa waya na dua.

Angalia magurudumu. Baiskeli nyingi kuukuu za Uingereza zina rimu za inchi 27, na hizo si sawa na 700C, hata kama zinafanana kwa macho. Tairi za 27 zitakusumbua kupata. Unaweza kuweka 700C, ila breki lazima zifike milimita nne chini zaidi, kwa hivyo pima kabla hujalipa. Na kama nyuma fremu ina upana wa milimita 126 na gurudumu lako la kisasa lina 130, fundi anayejua kazi anaweza kupanua chuma taratibu. Alumini usiiguse hivyo, itapasuka.

Ndiyo, alumini inakubalika kama umeipata nzima, ina nafasi na ina vitundu. Lakini siku ikipasuka, hadithi imeisha. Chuma kinaungwa. Ila tafadhali, si kwa yule welda wa mageti. Mabomba mazuri ni membamba, moto wa geti utayatoboa. Tafuta fundi anayeunga kwa shaba, na umlipe haki yake.

Kinachoniuma zaidi si pesa. Ni aibu tuliyofundishwa. Black Mamba za chuma zimebeba maziwa, mikate na mitungi ya maji katika nchi hii tangu kabla wazazi wetu hawajazaliwa, na sisi tukajifunza kuziona kama alama ya umaskini. Ndiyo maana kijana wa Ruiru anaona afadhali afe kwenye kaboni kuliko aonekane kwenye chuma. Muuzaji anaijua hiyo aibu. Ndiyo anayotuuzia, fremu ni kifungashio tu. Ukisita, anakuambia "rahisi ni ghali." Rahisi ni ghali kweli, lakini ghali iliyopasuka ni nini?

Huu mji una somo lake wenyewe. Hapa hapa, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, ndipo palipotoka Ruiru 11 mwaka 1985. Waonjaji waliikunjia uso, wakasema ladha yake haifikii kahawa za zamani. Lakini ilizalishwa ili ihimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani, na mkulima aliyewahi kupoteza mavuno yote hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alipanda kitakachosimama mvua ikija.

Rafiki yangu alikaa nyumbani wiki tisa. Kazi yake ni ya kulipwa kwa siku, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe. Sasa anaendesha fremu ya chuma ya kijani, imekwaruzwa kila mahali, tairi za 32, madigadi ya plastiki yanayopiga kelele. Hakuna aliyetoka nje kuipiga picha.

Jana kulinyesha tangu alfajiri. Alipita Thika Road saa kumi na mbili, akafika.