Pointi za permi na minervali ya watoto

Juma lililopita mama mmoja wa mtaa wetu alitujia jioni, simu yake mkononi. Mwanawe mkubwa, aendeshaye kamio kule Lyon katika nchi ya Ufaransa, alikuwa amempelekea habari ndefu. Mama akasema: «Mwalimu, tusomee polepole, kisha utuambie kama kuna ubaya ndani yake.» Tukasoma. Na kwa kuwa twajua ya kuwa jamaa nyingi zinazosoma ukurasa huu zina mtoto au ndugu ashikaye usukani ng'ambo, tumemwomba mama ruhusa ya kulieleza jambo hili hapa, pasipo kutaja jina la mtu.

Kijana alianza na pointi 12 katika permi yake. Siku moja polisi walimkuta ameshika simu mkononi huku kamio inakwenda: pointi 3 zikaondoka. Baadaye, siku ya Dominika, akiwa katika gari lake dogo pamoja na mkewe, alipita kibao cha kusimama pasipo kusimamisha magurudumu: pointi 4 zikaondoka. Zikabaki 5. Sasa kamera ya barabarani imelipiga picha gari lile lile dogo, likipita mwendo ulioamriwa kwa zaidi ya kilometa 30 kwa saa. Kosa hilo huondoa pointi 3. Naye mdogo wake, anayesoma katika mji ule ule, amepata permi mwaka huu. Kijana aomba mdogo huyo aandike katika fomu kwamba ndiye aliyekuwa akiendesha. «Yeye hana kazi ya kamio,» asema kaka, «pointi zake zakaa bure.»

Kwanza tueleze pointi ni kitu gani, kwani wanafunzi wetu wengi hawajapata kusikia. Huku kwetu, dereva akikosa, mara nyingi humalizana na polisi pale pale njiani, na kesho yake hakuna akumbukaye. Kwa Wafaransa sivyo. Faini ni jambo moja, na pointi ni jambo jingine. Faini ya simu mkononi ni euro 135. Ukiilipa, fedha zimekwisha, lakini kosa limebaki limeandikwa. Tena kulipa ni kukiri: pointi huondolewa faini inapolipwa, au muda wa kuipinga unapopita, au hakimu anapokata neno. Mtu asemaye «nimelipa, yamekwisha» hajaelewa hata nusu ya habari.

Sheria hiyo ilipigiwa kura mwaka 1989, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1992. Waendeshaji wa kamio waliipinga kwa nguvu. Wakazifunga barabara kuu kwa magari yao siku nyingi, hata serikali ikaita jeshi kusaidia kuyaondoa. Malalamiko yao hayakuwa ya kijinga. Walisema: mwenye kuendesha kilometa nyingi kila juma yu katika hatari ya kukosa mara nyingi kuliko karani aendeshaye gari Jumamosi tu, kwa nini wote wapewe hesabu moja? Wakati ule kila mtu alipewa pointi 6. Kabla mwaka haujaisha, hesabu ikapandishwa ikawa 12. Lakini neno kubwa halikubadilika: dereva wa kazi hana pointi za ziada. Twakiri kwamba hata sisi twaona ugumu wake. Lakini pia hatuwezi kusahau ya kuwa mwaka ule wa 1992 watu zaidi ya 9,000 walikufa katika barabara za Ufaransa, na mwaka 2023 walikuwa chini ya 3,500. Si pointi peke yake zilizofanya kazi hiyo. Mikanda, kamera zilizoanza mwaka 2003, na magari yaliyo bora zilisaidia pia.

Hapa ndipo kijana wetu alipojidanganya. Alidhani permi ya kamio ni kitu cha Jumatatu hadi Ijumaa, na gari dogo ni jambo lake la nyumbani. Permi ni moja, na hesabu ni moja. Kibao alichokipita Dominika kimepunguza zile zile pointi zinazomruhusu kupanda kamio Jumatatu. Dereva wa kazi mara nyingi hujilinda sana katika kamio, kwani mashine iliyomo huandika mwendo na saa zake, kisha hujilegeza katika gari lake mwenyewe. Na pointi zikifika 0, haziondoki ruhusa za kamio tu, bali permi yote. Barua ya rejista humfikia. Yampasa kuirudisha permi katika siku 10, wala hawezi kupata nyingine kabla ya miezi 6, tena baada ya kupimwa na daktari na kufanya mitihani. Hakimu hawezi kumwachia permi kwa ajili ya kazi tu, kwa maana hiyo si hukumu ya korti, ni hesabu iliyokwisha. Akiendesha hata hivyo, aweza kufungwa hadi miaka 2. Miezi 6 bila mshahara: na mama huyu hulipa minervali ya watoto wanne kwa fedha za mwanawe. Ndiyo sababu hatukucheka tulipoisoma habari ile.

Basi, mdogo wake? Mama alisema, «Si ni ndugu yake? Kumbebea ndugu mzigo ni vibaya?» Tulimjibu kwa heshima kwamba mzigo huu habebi tu, autamkia uongo mbele ya serikali, na uongo katika fomu ile huadhibiwa. Kama fedha zinapita kati ya mtoa pointi na mpokeaji, sheria yasema kifungo hadi miezi 6 na faini hadi euro 15,000. Zaidi ya hayo, pointi za mdogo hazikai bure hata kidogo. Mwenye permi mpya huanza na pointi 6 tu, naye akipoteza 3 kwa mara moja hulazimishwa kuhudhuria mafunzo. Mwanafunzi asiye na kosa angebaki na nusu ya hesabu yake. Mama alinyamaza kitambo. Nadhani hakuwa amelifikiri hilo, kwani wote wawili ni wanawe.

Kuna njia halali, nayo si ya siri. Dereva aliyepoteza pointi aweza kuhudhuria mafunzo ya siku 2 mfululizo, akarudishiwa hadi pointi 4. Aweza kufanya hivyo mara moja kwa mwaka. Sharti aende kabla barua ya pointi 0 haijamfikia. Baada ya hapo mafunzo hayamfai kitu. Kijana akikiri kosa atabaki na 2. Akihudhuria mafunzo atakuwa na 6. Kisha, akikaa miaka 3 pasipo kosa lolote, zote 12 hurudi. Na kama kweli si yeye aliyekuwa akiendesha, au picha imekosewa, anazo siku 45 za kupinga, nayo asilipe kwanza.

Aliuliza pia kama amwambie bwana wa kazi. Hesabu ya pointi ni siri yake. Bwana wa kazi aweza kudai kujua kama permi yake ni halali, lakini si pointi ngapi zimebaki. Permi ikifutwa, hapo asifiche. Wala asitumaini kwamba kamera ikilipiga picha kamio, kampuni itanyamaza kwa ajili yake: tangu tarehe 1 Januari 2017 kampuni hulazimishwa kumtaja dereva, isipofanya hivyo yatozwa faini yenyewe.

Tuliandika hayo yote usiku ule ule, mama akiwa amekaa karibu na taa, akitusimamisha mara kwa mara ili tuongeze neno lake. Mwisho akatuambia tuandike kwamba watoto wamefanya mitihani vizuri, na kwamba mwezi huu, kama ada ya mafunzo itamzidi, apeleke minervali ya wawili tu. Wengine wawili atawaombea mkuu wa shule muda. Tukaandika hivyo.