Amehifadhi Juzuu Tatu, Barua Hawezi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tulifanya jambo dogo katika darasa letu la jioni hapa Buyenzi, Bujumbura. Tuliwapa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 kisa kifupi cha Kiswahili, ukurasa mmoja tu, cha mtu aliyekopa mtaji kwa jirani yake na baadaye wakagombana. Walikisoma kwa sauti vizuri kabisa, mashaAllah, bila kukwama. Kisha tukawaambia wageuze karatasi, watueleze kwa maneno yao wenyewe: nani anamdai nani, na ugomvi ulitoka wapi? Kimya. Kijana mmoja akasimama, akaanza kukariri sentensi ya kwanza neno kwa neno, alipofika katikati akasahau, akakaa. Huyu ndiye kijana tunayemsifu mbele ya watu kwamba amehifadhi juzuu tatu.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi hifdhi ni mbaya, audhubillah. Kifua kilichobeba Qur'ani ni neema juu ya nyumba nzima. Tunachosema ni kuwa tumewazoesha watoto kwamba kusoma ni kutoa sauti na kuandika ni kunakili ubaoni. Nasi wazazi tumeridhika, maana sauti tunaisikia na mwandiko mzuri tunauona. Mtoto ameelewa nini, hatuulizi.

Na mzigo wa lugha upo, tusiufiche. Mtoto wa hapa kwetu nyumbani anasema Kiswahili, shuleni anakutana na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, jioni anakaa mkekani mbele ya Kiarabu. Akiwa bado mdogo anajifunza kwamba maneno ya kitabu si ya kueleweka, ni ya kurudishwa kama yalivyo. Mtihani ukija anayarudisha, na mwalimu aliyechoka na darasa la watoto wengi anampa alama. Wako wazazi wanaotuambia Kiswahili hakimpi mtoto ajira, mwacheni ashike Kifaransa. Ashike, tena kwa nguvu zote. Lakini aliyezoea kupanga hoja kwa lugha ya mama yake ataihamishia katika Kifaransa siku akikijua. Asiye na hoja atahamisha nini?

Dini yetu yenyewe imelisimamia jambo hili kuliko tunavyokumbuka. Sote tunajua wahyi wa kwanza ulianza na amri ya kusoma, na kalamu ikatajwa hapo hapo. Tunajua pia lililopokewa katika sira kuhusu mateka wa Badri, mwaka wa 2 Hijria, kwamba waliokuwa wanajua kuandika na hawana mali waliambiwa wajikomboe kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Lakini linalotugusa zaidi sisi watu wa maduka na sokoni ni kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inazungumzia kuandika deni. Ndani yake mna kuweka muda, mna mwandishi muadilifu, mna mashahidi, mna katazo la kuchoka kuandika deni liwe dogo au kubwa. Hebu tujiulize ni familia ngapi mtaani kwetu zimevunjika kwa "tuliaminiana tu, hatukuandika". Tuliowasuluhisha tunawajua. Mmoja anasema alitoa mtaji, mwingine anasema alipewa msaada, na hakuna hata kipande cha karatasi. Wote wawili walipita madrasa, na aya hiyo huenda waliisoma mara nyingi kwa tajwidi.

Kuandika kunamlazimisha mtu kujua anachokisema. Ukisema kwa mdomo, mkono unasaidia, macho yanasaidia, na msikilizaji naye anajazia. Karatasi haijazii chochote.

Tuje kwenye simu zetu. Wengi mmeshaletewa ujumbe wa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (SAW) Madina, aliyeota ndoto na kupewa wasia: atakayeusambaza atapata kheri, na atakayeupuuza yatamfika mabaya. Tuliozaliwa zamani tuliuona umeandikwa kwa mkono, kisha ukaja wa fotokopi. Barua ya namna hiyo ilizunguka pwani ya Tanganyika mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, ikazua taharuki misikitini na serikalini, na wenye kuandika historia wanaiita Barua ya Makka. Sheikh Abdul Aziz bin Baz, aliyekuwa mufti wa Saudia, aliandika kuwatahadharisha watu kwamba ni uongo. Zaidi ya miaka mia, na bado tunaitumiana! Umma ulioleta elimu ya hadithi, ambao wanazuoni wake walisafiri miezi kumuuliza mtu mmoja amesikia kwa nani, leo unabonyeza kusambaza kabla haujamaliza kusoma.

Binti mmoja wa darasa letu alipelekewa ujumbe huo na mjomba wake. Akajibu kwa adabu: "Mjomba, samahani, nani amepokea maneno haya, na kitabu gani?" Mjomba alikasirika, akampigia simu mama yake kulalamika kwamba mtoto anafundishwa ujuba. Sisi tulifurahi, ingawa tulimwendea mjomba tukamtuliza. Swali lile ndilo alilokuwa akiuliza Imam Bukhari.

Basi tunafanya nini? Hatuna maktaba wala fedha. Tunachofanya ni nusu saa. Mtoto anasoma ukurasa mmoja, anafunga kitabu, anaandika mistari mitano: kimesemwa nini. Halafu mstari mmoja wa kwake: mimi naona hivi, KWA SABABU hivi.

Hilo "kwa sababu" ndilo lililotuchosha. Wiki za mwanzo karibu wote waliandika hivi: "Kusema uongo ni vibaya kwa sababu si vizuri." Ukisoma haraka unadhani ni jibu. Tuliwarudishia madaftari. Wakaandika: "kwa sababu ni dhambi." Ni kweli, lakini tukawauliza, na aliyedanganywa yeye anapatwa na nini? Wakarudi tena, wengine wamenuna. Mwishowe yule kijana wa juzuu tatu akaandika kwamba akimdanganya mama leo, siku atakayosema kweli kwamba anaumwa, mama hatamwamini na dawa itachelewa. Tulimwomba awasomee wenzake.

Tumeona pia kwamba kusahihisha kwa kalamu nyekundu kila herufi kunawatia hofu. Sasa tunaanza na maana, tahajia tunaiacha mpaka mara ya pili. Si walimu wote tumekubaliana juu ya hili. Ustadhi wetu mmoja anasema kosa likiachwa linaota mizizi, na huenda naye ana haki.

Tukumbuke kwamba kuandika kwa Kiswahili ili kuamsha fikra za Waislamu si jambo geni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kutoa Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alikuwa mwanachuoni wa Kiarabu, wala hakuona haya kutumia lugha wanayoijua wauza samaki.

Wazazi wenzetu, Jumamosi baada ya Alasiri tunakuwa barazani. Mtoto aje na daftari tupu, lisiwe la shule. Na mzazi unayeweza, njoo na lako ukae pembeni yake uandike mistari mitano, kisha mbadilishane. Baba mmoja alijaribu, mwanawe akamrudishia daftari na alama ya kuuliza chini ya "kwa sababu" yake. Bado hajajibu.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.