Kidonge Kisisifiwe Bure

Wako watu wasemao kwamba mgonjwa akimeza dawa, kisha hali yake ikageuka, basi hapana haja ya kuuliza zaidi: dawa ndiyo iliyoigeuza. Msomaji, hoja hiyo ni tamu masikioni, lakini ni mbovu. Nami namwita shahidi mdogo aje kuivunja: hamsta, mnyama wa jamii ya panya, mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu, alalaye mchana na kuamka usiku.

Yakupasa kwanza kujua kwamba mwili una saa yake. Mtie hamsta katika giza lisilokoma, asione jua wala taa, nawe utamwona akiamka, akipanda gurudumu lake na kukimbia, kisha akilala, kila baada ya muda wa karibu saa 24. Saa hiyo imo ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali inapopishana mishipa ya macho. Mwaka 1972 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba sehemu hiyo ikiharibiwa, panya hupoteza majira yake. Mwaka 1990 Martin Ralph, Michael Menaker na wenzao waliwapandikizia hamsta walioharibiwa saa zao sehemu hiyo hiyo kutoka kwa hamsta wengine. Majira yakarudi, nayo yakawa ya yule aliyetolewa saa, si ya yule aliyepewa.

Sasa tuje kwenye dawa. Mwaka 1986 Fred Turek na Susan Losee-Olson, wa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Illinois, waliwapa hamsta triazolamu, dawa ya usingizi ya jamii ya benzodiazepini. Saa ya wanyama wale ikasogea: ikaenda mbele au ikarudi nyuma, kwa kadiri ya wakati walipopewa dawa. Mwenye haraka angalipiga vigelegele na kusema, "Dawa ya kutuliza imeshika mshale wa saa!"

La hasha! Hamsta aliyepewa dawa ile hakulala. Aliinuka akaenda mbio, tena wakati ambao desturi yake ni kulala. Basi ni kipi kilichoisogeza saa: dawa, au mbio? Mwaka 1989 Olivier Van Reeth na Turek waliwapa hamsta dawa ile ile, lakini wakawazuia wasiweze kukimbia. Dawa ilikuwamo mwilini kama kwanza, walakini saa haikusogea.

Mbishi atasema, "Labda kule kuzuiwa ndiko kulikoiharibu kazi ya dawa." Swali hilo ni la haki, na jibu lake latoka Toronto, Kanada. Huko, mwaka 1989, Stephan Reebs na Nicholas Mrosovsky waliwatia hamsta katika gurudumu jipya kwa muda, bila dawa yo yote. Wale waliokimbia sana, saa zao zilisogea. Dawa bila mbio haikufanya kitu. Mbio bila dawa zilifanya kazi yote. Je, sifa ni ya nani?

Atarudi tena mbishi yule: "Lakini kidonge ndicho kilichomwamsha hamsta akakimbia." Naam, nakubali. Lakini mpiga mbiu si mjenzi wa nyumba. Ukimpa mpiga mbiu ujira wa fundi, siku mafundi wasipokuja utabaki na kelele tu, wala hutakuwa na nyumba.

Mambo haya si ya hamsta peke yake. Wako wanafunzi wanaokesha juma zima mtihani unapokaribia, kisha wakatafuta kidonge cha usingizi bila shauri la daktari, wakidhani kitairudisha saa yao mahali pake. Fikiri, ewe msomaji. Dawa ile iliyomkimbiza hamsta humlaza mwanadamu. Kama ni mbio zilizoisogeza saa ya hamsta, wewe uliyelala chali kitandani umepata nini kwake? Umepata usingizi, na kulala si kurekebisha saa. Tena dawa za jamii hiyo humzoesha mtu hata akashindwa kuziacha. Na triazolamu yenyewe iliondolewa sokoni Uingereza mwaka 1991, kwa ajili ya hofu ya madhara yake. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa na daktari na aifuate, simsemi huyo. Namsema ajitibuye kwa uvumi.

Saa ya mwanadamu huongozwa kwanza na nuru, na katika nchi yetu, ambayo mstari wa ikweta waipasua, jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Wazee wetu walilijua jambo hilo. Ndiyo maana Mswahili huanza kuhesabu saa zake tangu macheo. Basi toka nje asubuhi jua likuangaze, ucheze na kukimbia mchana, na usiku uzime taa ulale. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na kila uambiwapo kwamba dawa fulani imefanya jambo fulani, uliza kama walivyouliza wale wataalamu: je, jambo lilo hilo lingalitokea pasipo dawa?