Matamshi ya Kidenmaki na Udhuru wa Umri

Miongoni mwa maneno yasemwayo juu ya wageni wanaojifunza Kidenmaki, limo moja lililozoewa hata likawa kama sheria. Husemwa kwamba mtu mzima aweza kuipata sarufi ya lugha hiyo, aweza kuupata na msamiati wake, lakini matamshi yake hayapati kamwe. Neno hili hunenwa na walimu waliochoka na hurudiwa na wanafunzi waliokata tamaa. Ni neno batili, na madhara yake ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa.

Halimdhuru sana mgeni aliyefika Denmark jana, maana huyo hakuna anayemtarajia kujua. Humdhuru yule aliyekwisha kwenda mbali. Amepanda ngazi za Danskuddannelse 3, mojawapo ya mafunzo ya Kidenmaki kwa wageni watu wazima. Ameshinda Studieprøven, mtihani wa juu kabisa wa mafunzo hayo. Husoma magazeti na riwaya, na barua zake hazina kosa. Hata hivyo aingiapo dukani akatamka sentensi moja, muuzaji humjibu kwa Kiingereza. Jibu hilo aghalabu hutolewa kwa nia njema, lakini humrudisha mgeni kizingitini. Akiwa muuguzi, hulazimika kurudia maneno yake mbele ya mgonjwa asiye na nguvu za kusikiliza mara mbili. Akiwa mtaalamu katika mkutano, elimu yake ya miaka hupimwa kwa pumzi moja, na hukumu hupita kabla ya hoja kusikika. Kumwambia mtu kama huyo kwamba hana la kufanya ila kuvumilia ni kumdhulumu.

Hapana anayekana kwamba Kidenmaki ni kigumu kwa sikio. Kina herufi tisa za irabu, na sauti zake za irabu, zikihesabiwa fupi na ndefu, hupita ishirini. Maneno *ski*, *ske*, *sky* na *sko* ni vitu vinne mbalimbali: kitelezeo cha theluji, kijiko, wingu na kiatu. Sikio lililozoea irabu tano aghalabu huyasikia mawili ya kwanza kama neno moja, maana *e* ya Kidenmaki imekaa karibu na *i*. Na *y*, ambayo hutaka ulimi wa *i* pamoja na midomo ya *u*, hutupwa huku au kule. Neno *meget*, maana yake "sana", huandikwa kwa herufi tano; katika mazungumzo ya kawaida *g* yake hutoweka, na *t* ya mwisho hugeuka kuwa *d* laini. Kisha kuna stød, mkazo mfupi wa nyuzi za sauti kooni unaoifanya sauti ikwaruze. Kwa stød hiyo *hun*, yaani "yeye" wa kike, hutengana na *hund*, yaani mbwa. Na *mor*, mama, hutengana na *mord*, mauaji.

Watoto wa Denmark wenyewe hawaipati lugha hii bila taabu. Uchunguzi wa Dorthe Bleses na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba watoto wachanga wa nchi hiyo huchelewa kuyafahamu maneno wakilinganishwa na watoto wa lugha nyingine kadhaa. Ikiwa mtoto aliyezaliwa ndani ya sauti hizo hukawia kuzipambanua, kujikwaa kwa mtu mzima si ushahidi wa kutosha kwamba umri umemharibu.

Wenye kutetea udhuru wa umri huleta methali: samaki mkunje angali mbichi. Huleta na wataalamu. Mwaka 1967 Eric Lenneberg alichapisha kitabu kilichoitia nguvu rai kwamba uwezo wa kupata lugha kwa wepesi hupungua baada ya balehe. Na iwe hivyo. Lakini kupungua si kufa, wala ulimi wa mtu si samaki mkavu. Mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio juu ya watu wazima wa Japani waliokuwa wakichanganya *r* na *l* za Kiingereza. Watu hao walizoezwa kusikiliza tu: walisikia maneno kutoka kwa wasemaji mbalimbali, wakachagua lipi ni lipi, wakaambiwa wamepata au wamekosa. Hawakufundishwa namna ya kuuweka ulimi. Hata hivyo walipopimwa baadaye, matamshi yao pia yalikuwa yametengenea. Sikio lilifunzwa, ulimi ukafuata. Jaribio hilo lahusu lugha nyingine, lakini masikio ya wanadamu hayakuumbwa kwa Kiingereza peke yake.

Basi kinachomkwamisha mwanafunzi wa ngazi ya juu ni nini? Kwanza ni jicho. Mtu mzima hulisoma neno kabla hajalisikia, na jicho humfundisha sikio uongo. Akiona *hund* hutamka *d* isiyotamkwa, na stød inayotamkwa huiacha kwa kuwa haikuandikwa. Pili ni kule kueleweka kwake. Siku za mwanzo alisahihishwa. Alipoanza kueleweka, watu wakaacha kumsahihisha, na kosa likapata nafasi ya kukomaa. Miaka kumi ya kusema bila kusahihishwa ni miaka kumi ya kulizoeza kosa. Hesabu hiyo ndiyo huitwa umri.

Denmark yenyewe haikukosa watu wa kuonya. Aliyeieleza stød kwanza katika maandishi, mwaka 1743, ni Jens Høysgaard, mtumishi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen ambaye hakuwa profesa; alikuwa mtu wa makamo mwenye sikio lililo macho. Na Otto Jespersen, katika kitabu chake *Sprogundervisning* cha mwaka 1901, alitaka elimu ya sauti itumike katika kufundisha lugha za kigeni tangu mwanzo. Zaidi ya karne imepita. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi wake "sikiliza tu, utazoea" hana udhuru wa kusema kwamba hakuambiwa.

Mfano wa faida ya elimu hiyo uko karibu na wasemaji wa Kiswahili. Mtu wa Mvita hutofautisha *paa* la nyumba na *paa* wa mwituni kwa pumzi: *p* ya mnyama hutoka na mpumuo, ya nyumba haina. Maandishi sanifu huificha tofauti hiyo, lakini sikio lake lajua. Sasa, *b* na *p* za Kidenmaki mwanzoni mwa neno hutengana kwa njia iyo hiyo, kwa mpumuo, wala si kwa mngurumo wa koo. Mtu huyo akiambiwa hivyo, amekwisha kuipata nusu ya kazi bila jasho. Asipoambiwa, atatia *b* ya *baba* mahali isipotakiwa. Vivyo hivyo akiambiwa kwamba *d* laini ni *dh* ya *dhahabu*, atapotezwa. Maana *d* hiyo haina mkwaruzo, na ncha ya ulimi hukaa chini nyuma ya meno. Katika yote mawili umri wake ni ule ule. Kilichobadilika ni maelezo aliyopewa.

Liko kundi jingine, nalo husema kwa sauti ya heshima zaidi. Husema kwamba lafudhi ni alama ya asili ya mtu, na kumtaka aibadili ni kumvua utu wake. Humtaja Joseph Conrad, aliyeandika Kiingereza kilichotukuka huku akikisema kwa lafudhi nzito hata mwisho. Hoja hii huchanganya mambo mawili. Kusikika kwamba mtu ametoka ng'ambo si aibu, na hapana haja ya kukuficha. Lakini kusema "mauaji" pale alipokusudia "mama" hakuonyeshi asili ya mtu yeyote. Huonyesha kwamba tofauti moja ya lugha haijamfikia. Naye Conrad aliheshimiwa kwa kalamu, na kalamu haiingii dukani wala wodini. Tena wahubiri wa ridhaa hiyo aghalabu si wao wanaojibiwa kwa Kiingereza.

Wengine husema kwamba Wadenmaki wa Lolland, Falster na Bornholm hawana stød katika lahaja zao, basi kwa nini mgeni ajisumbue? Ni kweli hawana. Lakini wao wana mfumo kamili wa sauti, waliourithi mzima, na wasikilizaji wao wanaujua. Mgeni aliyeacha stød hakuingia Bornholm. Ameacha tundu katika mfumo aliouchagua mwenyewe.

Yapasayo kufanywa hayafichiki. Mwalimu wa ngazi za juu ayape masikio saa zao, kwa jozi za maneno na kwa sauti za watu wengi, asidhani kwamba sarufi ikikamilika kazi imekwisha. Mwanafunzi asilitamke neno jipya kabla ya kulisikia. Den Danske Ordbog, kamusi iliyo wazi kwa wote katika intaneti, humsomea maneno mengi kwa sauti. Ajirekodi, ajilinganishe na mwenyeji, na kosa alilolisikia alitengeneze moja moja, si yote kwa siku moja. Na Mdenmaki anayesemeshwa kwa lugha yake astahimili kidogo, ajibu kwa lugha hiyo hiyo, na asiposikia aulize. Swali lake ni sahihisho ambalo mgeni amelikosa kwa miaka.

Kazi hii ni ndefu, na si wote watakaofika mwisho wake. Lakini asiyefika kwa kuwa njia ni ndefu hafanani na asiyeondoka kwa kuwa aliambiwa njia haipo. Huyu wa pili hakushindwa na umri wake. Ameshindwa na neno la watu ambao hawakumfunza kusikia.