Andika Swali Lako Kabla ya Kuvuka Mutukula



Kila mwaka huja kwangu vijana wachache niliowafundisha hapa Uganda, wakiniaga kwa kuwa wanakwenda Tanzania kwa muhula mmoja wa masomo. Nikiwauliza wanakwenda kutafuta nini, jibu huwa lile lile: "Mwalimu, nakwenda kuboresha Kiswahili changu." Jibu hilo halina kosa la sarufi. Kosa lake ni kwamba halimdai msemaji chochote. Hata akirudi na maneno ishirini mapya, atasema ameboresha, na hakuna atakayeweza kumpinga.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kuondoka na jibu hilo mfukoni. Nilipokuwa nikisomea stashahada ya ualimu, nilipata nafasi ya kukaa Dar es Salaam miezi minne. Nilipanga chumba pamoja na Waganda wenzangu wawili. Asubuhi tuliamkiana kwa Kiganda, jioni tukamenya ndizi na kuzipika kama kwetu, na baina ya asubuhi na jioni Kiswahili kilibaki darasani na katika daladala, nilipomwambia kondakta anishushe. Siwalaumu wenzangu. Ugenini moyo hukimbilia sauti za nyumbani, na nia ya jumla jumla haiwezi kuuzuia. Nia ndogo, iliyopangiwa siku na saa, yaweza.

Ndiyo maana nashikilia kwamba lengo liwe dogo kiasi cha kuweza kulikagua kabla jua halijatua. Chukua mfano wa ulimi. Katika Kiganda, l na r hupokezana kwa kufuata irabu iliyotangulia, na kwa hiyo wengi wetu hutamka "kula" tunapokusudia "kura". Kwa raia, tofauti hiyo si ndogo, ingawa wako wagombea wanaoyaona maneno hayo mawili kuwa kitu kimoja. Mwanafunzi anayeandika, "Kila asubuhi ya wiki ya kwanza nitamsomea mwenye nyumba habari moja ya gazeti kwa sauti, naye anisimamishe kila nitakapochanganya l na r," huyo ana lengo. Mwingine na aandike kwamba hatamwambia muuza duka "nipe", bali "naomba". Sisi tuliojifunzia Kiswahili vitabuni hudhani "nipe" yatosha, kumbe masikioni mwa jirani zetu neno hilo laweza kusikika kama amri. Mazoea ya kukariri maneno kumi kwa siku siyapendi. Daftari langu lilijaa, kinywa kikabaki vile vile.

Lakini lengo ninalolithamini kuliko yote, na ambalo sijaona mwanafunzi akija nalo mwenyewe bila kusukumwa, ni kuvuka mpaka na swali. Nakusudia swali ambalo huwezi kulijibu ukiwa nyumbani, unalokwenda kumwuliza mtu aliye hai. Waweza kuuliza mwenyekiti wa serikali ya mtaa ana kazi gani, kisha ukaomba ruhusa ya kuketi katika mkutano wa wakazi, usikilize watu wanavyobishana juu ya taka na maji, halafu uulinganishe na mikutano ya LC1 ya kijijini kwenu. Uraia hufundishwa hapo kwa saa moja kuliko katika sura nzima ya kitabu chetu.

Mimi sikuwa na swali. Basi letu lilipita Mutukula, likavuka mto Kagera pale Kyaka, nami nimesinzia. Sikujua kwamba daraja la mahali pale lililipuliwa na jeshi la nchi yangu mwaka 1978, Idi Amin alipoivamia Kagera. Nilikuja kulijua jambo hilo kwa aibu. Karibu na chumba chetu palikuwa na mzee aliyeuza kahawa jioni, kwa birika na vikombe vidogo. Siku moja, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza natoka wapi. Niliposema Uganda, aliweka birika chini. Alikuwa askari kijana wakati wa vita vile, akaingia Kampala Aprili 1979.

"Kwenu mnaikumbukaje siku ile, mwanangu?"

Sikuwa na Kiswahili cha kumjibia. Zaidi ya hayo, sikuwa na jibu lenyewe katika lugha yoyote. Nikageuza mazungumzo, nikauliza habari za Simba na Yanga. Alinijibu kwa adabu, lakini hakuniuliza tena.

Wewe unajua jinsi Kiswahili kilivyoogopwa katika nyumba nyingi za kwetu. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, lakini kwa wazazi wengi kilibaki sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mama yangu hakupenda nikisome. Niliporudi kutoka Dar es Salaam nilimpelekea swali la yule mzee. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba alikuwa msichana mdogo, na kwamba Kiswahili alichokijua yeye kilikuwa cha "simama" na "lete". Siku askari wa Tanzania walipopita kijijini kwao, mmoja alifika mlangoni kwa bibi yake akasema, "Shikamoo bibi, naomba maji." Mama hakuelewa neno la kwanza. Aliyaelewa mawili yaliyofuata, na hadi siku ile hakuwahi kusikia mtu mwenye bunduki akiomba.

Kwa hiyo muhula huu sitasaini barua ya mwanafunzi yeyote anayekwenda kabla hajaniletea karatasi yenye swali lake na aina ya mtu atakayemwuliza. Jibu la mama ninalo. Miaka mitatu baadaye nilirudi Dar es Salaam kwa semina ya walimu, nikaenda jioni hadi pale pa kahawa. Palikuwa na kibanda cha kuuzia vocha za simu, na kijana aliyekuwamo hakumjua mzee huyo.