Mashine Mpya, Ada Ileile: Tunalipia Nini Tunapoegesha?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma fedha za umma hufundishwa mapema tofauti kati ya kodi na ada. Kodi hulipwa kwa ajili ya wote, na mlipaji hawezi kudai huduma mahususi kwa shilingi aliyoitoa. Ada hulipwa kwa huduma. Anayetoza ada pasipo huduma ametoza kodi kwa jina la kuazima, ilhali Ibara ya 138 ya Katiba yetu inataka kodi itozwe kwa mujibu wa sheria tu.

Nalikumbuka somo hili kila ninaposikia kwamba malipo ya maegesho, hata kwenye fukwe na viwanja vya mapumziko, yanaboreshwa. Yanaboreshwa kwa faida ya nani?

Mwaka jana niliwapeleka wanangu kwenye ufukwe mmoja wa umma. Kijana mwenye mashine ya mkononi aliipiga picha namba ya gari, akaenda zake. Hakunipa risiti wala hakutaja kiasi. Nyuma yake palisimama kibao kilichosema kwamba usalama wa gari ni jukumu la mwenyewe. Choo kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Wiki kadhaa baadaye nikagundua kwamba nadaiwa, na deni limekwisha kuzaa faini.

Sipingi teknolojia. Fedha taslimu zilivuja njiani, na tangu 2017 mfumo wa GePG na namba zake za malipo umerahisisha fedha za umma kufika zinakotakiwa. Lakini mashine haina maadili ya kumkopesha anayeishika. Ripoti za CAG zimeeleza, tena si mara moja, kuhusu halmashauri ambako makusanyo ya mashine za POS hayakufikishwa benki yote. Mashine ilihesabu sawasawa. Fedha ndizo zilizopotea.

Kwa hiyo tusiite maboresho kitu kinachomrahisishia mkusanyaji peke yake. Napendekeza vipimo vitatu. Kwanza, bei ibandikwe langoni, ili mtu aijue kabla ya kuzima injini. Pili, alipe papo hapo na kupewa risiti, hata kama ana kitochi kisicho na intaneti au ana noti mfukoni tu. Tatu, kila mwezi pabandikwe hapohapo kiasi kilichokusanywa na kilivyotumika: choo, taa, mlinzi, kivuli. Kipimo hiki cha tatu hakihitaji mtambo wowote. Kinahitaji karatasi, gundi na nia njema. Labda ndiyo sababu hakitajwi kwenye hotuba za uzinduzi.

Mimi ni mtu wa Mlabani. Lami ya Kidatu–Ifakara imetufikia, na magari yameongezeka mjini. Wageni wanapita Mang'ula kwenda kuyaona maporomoko ya Sanje. Wengine wanakuja hadi kwenye Daraja la Magufuli kuutazama Mto Kilombero. Siku si nyingi tutaambiwa kwamba maegesho nayo yanahitaji mashine. Siku hiyo nitamfikiria mkulima wa mpunga aliyekodi Noah na majirani zake ili watoto wakale sikukuu kando ya maji. Huyo hana mshahara wa kulipia faini ambayo hakuambiwa.

Ibara ya 146 inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kuwapelekea wananchi madaraka. Basi madiwani wetu wasisubiri mashine ifike ndipo waulize maswali. Wamuulize mkurugenzi leo, kwenye kikao, na kumbukumbu ziandikwe: tutakapolipa, tutapata nini? Asiye na jibu la swali hilo hajawa tayari kununua mashine.

Mashine inayojua ninachodaiwa lakini haijui ninachodai imeshikwa mpini na upande mmoja. Sisi wengine tumeachiwa makali.